Ngoma iingie darasa la awali

Dumu la mafuta ya kula, likishakuwa tupu, halikai bure Nachingwea. Likigeuzwa kitako juu na kupatiwa vijiti viwili, jioni hiyohiyo uwanja unajaa. Mkubwa wao anapiga, wenzake wanazunguka, na kale kadogo kabisa, ka miaka minne hivi, kako nyuma ya mstari macho yote kwenye miguu ya dada yake. Mwanzoni kanakwenda kinyume na wenzake. Kanasimama, kanatazama tena, kanaingia, na safari hii kameshika. Hakuna aliyekaeleza kitu kwa mdomo.

Dar es Salaam wapo wazazi wanaolipa ada ili watoto wao wapate hichohicho, kwenye ukumbi wenye vioo ukutani. Huku Lindi ya ndani, kwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, walimu wa ngoma wamo vijijini tangu enzi za mababu. Sindimba ya Wamakonde ilichezwa na Kikundi cha Ngoma cha Taifa baada ya uhuru, hata watoto wa mikoa ya mbali wakaijua. Lakini mtoto wa Ruangwa akivuka mlango wa darasa la awali, mara nyingi hukuta irabu za kukariri na amri ya kufunga mikono kifuani. Ngoma imebaki nje, na kwa maoni yangu hapo tunapoteza.

Tazama kinachotokea manju, yule anayeongoza ngoma, anapoikata. Mdundo unanyamaza ghafla na kila mchezaji anatakiwa asimame palepale, mguu ukiwa umeinuliwa kama umeinuliwa. Wa miaka minne atapitiliza hatua mbili tatu, wenzake wamcheke. Wa miaka saba anasimama kwa sababu sikio lake lilikuwa linamsubiri manju muda wote. Kujizuia mwili ukitaka kuendelea ndiko mwalimu anakokuhitaji mtoto anapongoja zamu yake ya kujibu, au anaposikiliza swali mpaka mwisho. Hapo hapo amejifunza kusimama kwa mguu mmoja, kutofautisha kulia na kushoto, na kukumbuka hatua ya tatu kabla ya ya nne.

Lipo pia la kuelewana. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka minne waliochezeshwa wawili wawili. Baadhi waliimba, wakacheza na kupiga ala pamoja; wengine walipewa mchezo wa namna hiyohiyo usio na muziki. Baadaye, mmoja alipopatwa na tatizo la makusudi lililopangwa na watafiti, waliocheza kwa muziki ndio waliosaidiana zaidi. Kanada nako, mwaka 2014, Laura Cirelli na wenzake walionyesha kuwa hata mtoto wa miezi 14, akirushwarushwa kwa mdundo mmoja na mtu mzima aliye mbele yake, huwa mwepesi zaidi kumwokotea mtu huyo kitu alichoangusha. Bibi anayemchezesha mjukuu mgongoni huku akitwanga hakuhitaji kuambiwa.

Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, 60 kati ya hizo za kuhema. Huku Ruangwa, dakika hizo wavulana huzipata kwenye mpira. Timu ya mji, Namungo FC, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na ukipita jioni utaona vumbi la wavulana. Dada zao mara nyingi wako kisimani. Ngoma ina faida hii: hakuna anayekaa benchi.

Wapo wazazi watakaoguna, na wana haki. Kwao neno ngoma huleta unyago, nyimbo za wakubwa, watoto wanaokesha na kusinzia darasani kesho yake. Viuno vya sindimba navyo vimeshazua ubishi mara nyingi. Ila ya unyago ina kungwi wake na nyakanga wake, ina umri wake na siri zake. Ninayoisemea ni ya saa mbili asubuhi, mlango wazi, mama akipita aone. Ukuti wa duara ni ngoma tosha ya kuanzia, na hatua za mavuno au za kutwanga hazimvunjii mtu heshima. Wazazi wenyewe wakae na mwalimu wachague.

Nachingwea ina chuo cha ualimu. Mwanachuo anayekwenda kufundisha watoto wadogo angeweza kukaa na manju wa kijiji cha jirani akajifunza midundo michache, jinsi ya kuanza polepole na wapi pa kukata. Michezo na sanaa imo tayari kwenye mtaala wa madarasa ya chini. Kinachokosekana ni mtu wa kuishika ngoma.

Na mtu huyo alipwe. Vikundi vya ngoma tumezoea kuviita Mwenge unapopita au kiongozi anapokuja, vikacheze juani kwa soda. Manju wa kila wiki ni mwalimu. Wazazi wanaochangia uji wa shule wanaweza kuongeza kidogo baada ya mauzo ya korosho, na kamati ya shule iandike malipo hayo kwenye daftari, pamoja na fedha za ngozi mpya, maana mikono ya watoto hamsini haichelewi kuipasua.