Gemu ya mtoto, siri za nyumba nzima

Jioni, iwe Kasulu au Kibondo, mzazi akirudi kutoka shambani au sokoni simu haikai naye. "Baba, naomba simu nicheze kidogo." Baba kachoka, anaitoa. Kabla gemu haijafunguka inauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe na neno la siri. Mtoto anajaza haraka haraka, tena vya baba yake, maana anachotaka ni kucheza.

Wengi wetu tunasema ni mchezo tu. Walisema hivyo pia wazazi wa nchi nyingine, hadi mwaka 2011.

Aprili mwaka huo wadukuzi waliingia katika PlayStation Network, mtandao wa gemu wa kampuni ya Sony ya Japani. Aprili 20 huduma ikazimwa. Aprili 26 ndipo wateja walipoambiwa kwamba taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zilikuwa zimechukuliwa: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, barua pepe na maneno ya siri. Kuhusu kadi za benki, kampuni haikuweza kuwahakikishia kuwa zilikuwa salama.

Kilichowaudhi watu zaidi ni ule ukimya. Kwa siku 6 mwizi alijua alichobeba, mwenye mali hajui alichoibiwa. Seneta Richard Blumenthal wa Marekani aliiandikia kampuni kuhoji ucheleweshaji huo, na wateja wengine walikwenda mahakamani. Mei 1, viongozi wa Sony waliinama mbele ya waandishi wa habari jijini Tokyo kuomba radhi. Baadaye wateja walipewa gemu za bure. Lakini gemu ya bure hairudishi tarehe ya kuzaliwa iliyokwisha kuibwa. Januari 2013 mamlaka ya Uingereza iliitoza kampuni faini ya pauni 250,000, ikisema wizi ule ungeweza kuzuilika.

Mzazi mwenzangu, kwetu simu anayochezea mtoto ndiyo pochi ya nyumba. Hela ya maharage imo humo, ada imo humo. Tapeli akilijua jina lako na la mwanao, atapiga simu akijifanya mwalimu: "Mtoto anaumwa, tuma hela upesi." Nani hatashtuka?

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Hata hivyo, mlinzi wa kwanza ni wewe.

Neno la siri la gemu lisifanane na la barua pepe, wala namba ya siri ya pesa isijulikane na mtoto. Gemu isipewe jina kamili, shule wala picha ya mtoto. Ukisikia mtandao anaotumia umedukuliwa, badilisha neno la siri siku hiyo hiyo. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Na usimtishe mtoto. Mwambie: "Mwanangu, wakikuuliza chochote humo, niite kwanza." Akiogopa kuchapwa atanyamaza, nasi tumeona ukimya wa siku 6 ulivyowagharimu wenzetu.