Mkemia Anatafuta Nini Ndani ya Maji Yako?

Leo nazungumza nawe unayeteka maji ya chemchemi, kwa maana hapa Kisii na Nyamira wengi wetu tunayategemea. Ni baridi, yanang'aa. Kina mama huniambia kliniki, "Sista, maji yetu ni safi, hata sindano ikianguka utaiona." Lakini mkemia wa maji hatafuti sindano.

Hebu angalia mahali chemchemi ilipo. Iko bondeni. Juu yake kuna boma, choo cha shimo, zizi la ng'ombe na shamba la chai au mahindi lililotiwa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hupenya udongoni na kubeba yanayoyakuta.

Maabarani, mililita 100 za maji hayo, chini ya nusu kikombe, hupitishwa kwenye chujio ambalo bakteria hawawezi kulipenya. Chujio hilo huwekwa juu ya chakula cha bakteria, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 44, kwa siku moja hivi. Kila bakteria huzaana mpaka kuwa doa linaloonekana, na madoa huhesabiwa. Anayetafutwa hasa ni E. koli, aishiye matumboni mwa watu na wanyama. Akipatikana, kinyesi kimefika majini, na homa ya matumbo au kipindupindu vyaweza kupita njia hiyo hiyo. Kiwango kinachokubaliwa ni sifuri.

Kipimo kingine ni cha naitreti, itokayo kwenye mbolea na kinyesi. Haina rangi, harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Hapa ndipo ninapohofia zaidi mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo. Naitreti ikizidi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni vizuri, na midomo hugeuka rangi ya samawati. Mwaka wa 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika juu ya watoto waliougua hivyo kwa maji ya visima.

Kuchemsha huua bakteria, kwa hiyo endelea kuchemsha. Naitreti haitoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hukolea. Klorini pia haiiondoi. Anayenyonya titi pekee, bila maji wala uji, mpaka miezi 6, huepushwa na hatari hiyo. Ukiona midomo ya samawati, usingoje kupambazuke, mkimbize hospitalini.

Wanaotumia chemchemi wamwone afisa wa afya ya umma. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliyo karibu nasi iko Kisumu. Usipeleke maji kwa chupa ya soda, maana utapimiwa uchafu wa chupa. Sampuli huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa, hukaa kwenye baridi na kufikishwa siku hiyo hiyo. Pimeni hasa mvua kubwa zinapoanza, kwa kuwa majibu ya kiangazi hayasemi lolote kuhusu Aprili. Na ukiambiwa maji hayana vijidudu, uliza pia, "Na naitreti je?"