Fundi Amesema Gesi ya AC Imeisha? Tulia Kwanza Kabla Utume Doo

Cheki hii stori uone kama unaijua. Ni Februari, jua la tao limekasirika, na wewe uko na salon yako ama kaofisi ghorofa ya nne pale Westi. AC inapuliza hewa ya moto ka mathree ya Kangemi saa nane mchana. Unaita fundi. Anapanda juu ya paa, anakaa dakika kumi, anashuka akijipanguza mikono: "Boss, gesi imeisha." Unatuma M-Pesa. Wiki hiyo baridi inarudi, unafurahi. Februari ya mwaka unaofuata, stori ni ile ile na fundi ni yule yule.

Wacha nikuchanue: gesi ya AC haiishi. Si petroli, na si ule mtungi wa jikoni. Haichomwi ndio ifanye kazi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, inabeba joto la chumba chako, inalipeleka kwa ile mashine kubwa huko paa, inalimwaga nje, alafu inarudi kuchukua lingine. Mfumo ukiwa umefungwa poa, gesi hiyo hiyo inaweza kuchapa kazi miaka kumi na zaidi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Hakuna jibu lingine.

Najua juu nilisare chuo mwaka wa pili, na kabla nianze kuandika hizi vitu nilishinda miezi kadhaa nikimbebea cuzo yangu sanduku la spana. Kuna jengo moja tao, silitaji, mwenye ofisi alikuwa ameongezewa gesi miaka tatu mfululizo. Cuzo alichanganya sabuni ya kuosha vyombo na maji, akapaka kwa kila maungio ya bomba. Ya nne ikaanza kutoa mapovu polepole. Nati ilikuwa imelegea. Miaka tatu ya doo ilikuwa inatoroka kupitia nati moja!

Kwa hivyo fundi akikwambia gesi imepungua, muulize swali moja tu: inavujia wapi? Anayejua kazi atajaza nitrojeni kwa mabomba na kutafuta tundu kwa sabuni ama kifaa cha kunusa gesi. Akishaziba, atafunga pampu ya kunyonya hewa na unyevu wote uliobaki ndani, ndio sasa apime gesi mpya kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwa kibandiko cha mashine. Hiyo kazi haiishi dakika kumi. Na ukiona msee anataka kujaribu mabomba na oksijeni ya mtu wa kuchomelea, mwambie ashuke hapo saa hiyo. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka.

Alafu mara mob shida hata si gesi. Ni uchafu.

Fikiria vile hii side imechimbwa. Expressway ilijengwa hadi hapo Westlands, ikafunguliwa 2022, na mijengo ya Kilimani na Kileleshwa haijawahi kupumzika. Ongeza moshi wa Waiyaki Way na jenereta ya jirani. Yote hayo yanavutwa na feni za mashine yako na kukwama kwa koili, yale mapezi membamba ya alumini pembeni. Joto likikosa njia ya kutoka, presha inapanda, kompresa inavuta stima zaidi kufanya kazi ile ile, bili inapanda nayo, na siku moja kompresa inazimika kabisa. Hiyo ndio sehemu ghali kuliko zote.

Na kuna kitu wasee wengi hawafikirii: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15 hadi 20. Feni inazunguka vile vile, lakini hewa inayosukuma haina uzito wa kubeba joto kama ya pwani. Wao wanapigana na chumvi inayokula chuma, sisi tunapigana na hewa nyepesi. Koili ikiwa chafu juu ya hiyo, umejimaliza.

Kuosha si ngori. Maji ya presha ya chini na sabuni yake maalum, ukisukuma uchafu kutoka ndani kwenda nje. Ile mashine ya car wash wachia magari, itakunja mapezi yote. Filta za ndani zicheki kila mwezi kukiwa na vumbi. Bomba la kutoa maji lizibuliwe pia, juu lile doa la kahawia kwa dari yako mara nyingi si mvua, ni maji ya AC yaliyokosa njia.

Stima nayo. Mashine kubwa za paa nyingi hutumia fezi tatu. Moja ikipotea, mota inajikokota na mbili zilizobaki mpaka iungue. Kuna kifaa kidogo cha kuzima kila kitu fezi ikikosekana. Uliza kama unacho. Na stima ikirudi baada ya kupotea, ipe AC dakika chache kabla uiwashe, presha itulie.

Kama mashine yako ni ya kitambo, soma kibandiko. Kikisema R-22, jua hiyo gesi inaondolewa sokoni kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi kama yetu mwisho wake ni 2030. Ofisi inayosimamia huo mkataba iko hapa hapa Gigiri, kwa UN. R-22 inatoboa ozoni, na kilo moja ikitoroka inapasha dunia joto kama karibu kilo 1,800 za kaboni dayoksaidi. Usikubali fundi akuchanganyie na R-410A. Hiyo presha yake ni zaidi ya mara moja na nusu, na mabomba ya zamani hayakujengewa hiyo kazi.

Sasa kuhusu huyo fundi wako. Siku moja nilikuwa nimechuchumaa juu ya paa, mkono ndani ya mashine na kitambaa. Caretaker huko chini akaona swichi imezimwa, akaiwasha tu. Feni ilianza kuzunguka vidole viwili kutoka kwa mkono wangu. Sikulia, lakini sikuongea mpaka jioni. Tangu hiyo siku cuzo hubeba kufuli, anafunga swichi na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde watu wake, kwa hivyo kabla msee apande paa lako, hakikisha kuna kamba, mahali pa kuifunga, na caretaker ameambiwa.

Piga service Julai, wakati wa baridi, mafundi wakiwa hawana presha. Alafu mwambie afunge kadi ndani ya mlango wa mashine: tarehe, ampia za kompresa, presha, na gramu za gesi alizoongeza. Hapo kwa gesi ikiandikwa namba miaka mbili mfululizo, unajua pa kuanzia.