Mwitiko wa Seli za Figo za Binadamu dhidi ya Jeraha na Maana Yake kwa Watoto Wenye Malaria Kali katika Mazingira ya Rugera, Mkoa wa Kagera

Ikisiri

Figo ya binadamu ina uwezo wa kujirekebisha baada ya kujeruhiwa, lakini uwezo huo una mipaka. Makala haya yanaeleza hatua ambazo seli za mirija ya figo hupitia baada ya jeraha, mambo yanayoamua kama jeraha litapona au litaacha kovu, na sababu za kipimo cha kawaida kuchelewa kulionyesha. Hoja kuu ni kwamba, katika mazingira ya vijijini, muda wa kuziokoa seli hizo huweza kupita kabla mtoto hajafikia kigezo cha figo kinachotumika katika malaria kali.

1.0 Utangulizi

Rugera na vijiji vingine vya wilaya za Karagwe na Kyerwa vimo katika Kanda ya Ziwa, ambako malaria ingali sababu kubwa ya watoto kulazwa hospitalini. Malaria kali kwa watoto hutambuliwa zaidi kwa degedege, kupoteza fahamu, upungufu wa damu na kupumua kwa shida. Figo hazikupewa uzito huo, kwa kuwa kwa muda mrefu kushindwa kwa figo kutokana na malaria kulihesabiwa kuwa tatizo la watu wazima. Tafiti zilizofanywa nchini Uganda zimebadili mtazamo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha jeraha la figo kwa watoto wenye malaria kali na vifo, udhaifu wa utambuzi na ugonjwa sugu wa figo. Ili kuelewa uhusiano huo, ni lazima kuanzia kwenye seli.

2.0 Seli zinazojeruhiwa kwanza

Kila figo ina takriban nefroni milioni moja. Kwa mtu mzima, figo zote mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote hurejeshwa kwenye damu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na seli za sehemu ya kwanza ya mrija wa nefroni. Seli hizo zimejaa mitokondria na hutegemea sana oksijeni. Hata hivyo, kipande cha mwisho cha sehemu hiyo kimo katika eneo la ndani la figo ambalo oksijeni yake ni haba hata mtu akiwa mzima. Kwa hiyo, seli zenye mahitaji makubwa ndizo zenye akiba ndogo.

Katika malaria kali, jeraha huja kwa njia kadhaa kwa pamoja. Homa, kutapika na kushindwa kunywa hupunguza maji mwilini. Chembe nyekundu zenye vimelea hunata katika mishipa midogo na kuzuia mtiririko wa damu. Chembe zinazopasuka humwaga himoglobini, ambayo hupita kwenye chujio la figo. Madini ya chuma yaliyomo huchochea uharibifu wa mafuta yanayojenga utando wa seli za mirija. Dawa nazo huweza kuongeza mzigo: diklofenaki hupunguza damu inayoingia katika chujio, na jentamaisini hulimbikizwa ndani ya seli zilezile za sehemu ya kwanza.

3.0 Hatua za mwitiko

Hatua ya kwanza ni kupoteza mpangilio. Nishati inapopungua, kiunzi cha ndani ya seli huvunjika na vinyweleo vya kufyonza hupukutika. Pampu za sodiamu, ambazo kwa kawaida hukaa upande wa damu, huhama mahali pake. Baadhi ya seli hufa. Nyingine hubanduka zikiwa hai na kuziba mrija. Mkojo hupungua.

Hatua ya pili ni kutoa ishara na kusafisha. Seli zilizonusurika huanza kuzalisha kwa wingi protini iitwayo KIM-1, iliyoelezwa mwaka 1998, ambayo haionekani sana katika figo yenye afya. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba protini hiyo huiwezesha seli ya mrija kumeza mabaki ya seli jirani zilizokufa.

Hatua ya tatu ni ujenzi upya. Seli zilizosalia huacha kwa muda kazi yao maalumu, hutambaa kufunika mahali palipo wazi, hugawanyika, kisha hurejea katika umbo na kazi yake. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba ukarabati hufanywa na seli za mirija zilizonusurika, wala si seli zinazotoka nje ya mirija. Hivyo basi, kila seli inayookolewa leo ni fundi wa kesho.

4.0 Kupona au kovu

Ukarabati hufanikiwa jeraha likiwa dogo na la muda mfupi. Likiwa kubwa, refu au la kujirudia, baadhi ya seli hukwama katikati ya mzunguko wa kugawanyika. Seli zilizokwama hutoa kemikali zinazochochea uvimbe na utengenezaji wa nyuzi za kovu. Mirija husinyaa, mishipa midogo hupungua, na oksijeni huwa haba zaidi. Hii ndiyo njia inayounganisha ugonjwa wa siku chache na ugonjwa sugu wa figo. Katika eneo ambako mtoto huugua malaria mara kwa mara, suala la kujirudia kwa jeraha si la kinadharia.

Ufafanuzi huu una mpaka wake. Sehemu kubwa ya ujuzi hutokana na panya na seli zilizokuzwa maabara, kama vile HK-2, seli za mirija ya figo ya binadamu zilizotangazwa mwaka 1994. Seli hizo hukua bila mtiririko wa damu wala seli za kinga.

5.0 Tatizo la kipimo

Kriatinini hupima uchujaji, haipimi uhai wa seli za mirija, na hupanda jeraha likiwa limekwishatokea. Tatizo huzidi kutokana na kigezo chenyewe. Shirika la Afya Duniani hutambua athari ya figo katika malaria kali pale kriatinini inapozidi mikromoli 265 kwa lita. Vigezo vya KDIGO vya mwaka 2012 huhesabu jeraha tangu kiwango kinapofika mara 1.5 ya kile cha kawaida cha mgonjwa, na mara 3 kuwa daraja la juu kabisa. Mtoto mdogo ambaye kiwango chake cha kawaida ni 30 huingia daraja hilo la juu akiwa na 90. Ili avuke 265, kriatinini yake lazima ipande karibu mara tisa.

Kigezo cha mkojo hakihitaji maabara. KDIGO huhesabu kuwa ni jeraha mkojo ukiwa chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwa saa 6. Kwa mtoto wa kilo 12, hiyo ni chini ya mililita 36 katika muda huo.

Hata hivyo, mkojo kupungua si ruhusa ya kumiminia maji kwa kasi. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha kwamba waliopewa maji ya haraka mshipani walikufa zaidi ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5, ikilinganishwa na 7.3 kwa wasiopewa.

6.0 Hitimisho

Seli za figo hujitengeneza zenyewe iwapo za kutosha zimebaki hai na chanzo cha jeraha kimeondolewa. Kwa mtoto wa Rugera, huduma ya kusafisha damu katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, iko mbali, na huduma hiyo hushika nafasi ya figo kwa muda tu; haifufui seli zilizokufa. Kwa sababu hiyo, tiba ya artesuneti bila kuchelewa, kupima mkojo tangu kulazwa, kulinganisha kriatinini na kiwango cha umri wa mtoto, na kuepuka dawa zinazodhuru figo ni hatua zinazolingana na biolojia ya seli zenyewe. Mtoto aliyepata jeraha la figo anastahili pia kupimwa tena baada ya kuruhusiwa, kwa kuwa kovu huendelea kujengeka hata homa ikiwa imekwisha.