Kuitambua Bahasha bila Kufungua Barua: Mawimbi ya Data Yatokayo kwenye Setilaiti

Mwaka 1966 ulimwengu ulipata habari ambayo serikali ya Muungano wa Kisovieti haikukusudia kuitoa. Habari hiyo haikutoka kwa majasusi, bali katika shule ya sekondari ya Kettering, nchini Uingereza. Mwalimu wa fizikia, Geoffrey Perry, pamoja na wenzake na wanafunzi wake, walikuwa wakisikiliza setilaiti za Kosmos kwa kipokezi cha masafa mafupi, huku wakiandika saa ambapo mawimbi yaliposikika na yalipotoweka. Kwa hesabu za saa hizo walizichora njia za setilaiti, wakagundua kwamba baadhi yake hazikurushwa kutoka kituo kilichojulikana cha Baikonur, bali kutoka mahali pengine kaskazini mwa Urusi. Mahali hapo ni Plesetsk. Muungano wa Kisovieti ulikiri kuwapo kwa kituo hicho mwaka 1983.

Yafaa tuzingatie kwamba ugunduzi huo haukuhitaji kufumbua ujumbe wowote. Ujumbe waweza kufichwa, lakini wimbi linaloubeba haliwezi kulificha umbo lake. Leo sehemu kubwa ya data ipitayo angani imefungwa kwa tarakimu za siri. Hata hivyo, mwenye vyombo vya kawaida na subira aweza kuitambua bahasha bila kuifungua barua. Makala haya yataeleza namna ya kufanya hivyo.

Transponda ni nini?

Setilaiti nyingi za mawasiliano hukaa juu ya ikweta, kimo cha kilometa 36,000 hivi, na huzunguka sambamba na dunia, hata huonekana kana kwamba zimesimama. Ndani yake mna transponda. Chombo hiki hupokea mawimbi hafifu kutoka duniani, huyahamishia kwenye masafa mengine, huyakuza, kisha huyarudisha chini. Masafa hubadilishwa ili sauti kubwa inayotoka isiimeze ile ndogo inayoingia. Transponda moja yaweza kubeba mawimbi ya watumiaji wengi, yakiwa yamepangwa kando kwa kando kama vibanda sokoni. Kazi yetu ni kujua kila kibanda ni cha namna gani.

Alama tatu za utambuzi

Alama ya kwanza ni upana. Katika mchoro wa masafa kwenye kompyuta, wimbi la data huonekana kama kilima chenye kilele bapa. Upana wake hutegemea idadi ya alama zinazotumwa kwa sekunde. Katika mfumo wa televisheni uitwao DVB-S, upana wote ni mara 1.35 ya idadi hiyo. Mwanafunzi akipima kilima chenye upana wa megahezi 1.62, agawanye kwa 1.35, atapata alama milioni 1.2 kwa sekunde. Mifumo mipya zaidi yaweza kutumia 1.25 au 1.2 badala ya 1.35.

Alama ya pili ni mwenendo wake katika wakati. Mkondo usiokatika huenda ukawa matangazo, au kiungo cha kudumu kati ya vituo viwili. Vipande vifupi vinavyochomoza na kupotea ni dalili ya vituo vingi vidogo vinavyotumia masafa yaleyale kwa zamu, kama wasemaji waungwana barazani.

Alama ya tatu ni idadi ya fezi, yaani pembe ambazo wimbi huruka kutoka moja hadi nyingine ili kubeba ujumbe. Hapa hesabu hutusaidia ajabu. Wimbi lenye fezi mbili hubadilika kati ya nyuzi 0 na nyuzi 180. Tukilizidisha kwa nafsi yake, kila pembe huwa maradufu: 0 hubaki 0, na 180 huwa 360, ambayo ni sawa na 0. Mabadiliko yaliyobeba ujumbe hufutika, na mstari mwembamba huchomoza kwenye masafa maradufu. Mstari huo usipoonekana, tulipandishe wimbi hadi kipeo cha nne. Pembe 0, 90, 180 na 270 zitakuwa 0, 360, 720 na 1,080, ambazo zote ni sawa na 0. Mstari ukichomoza sasa, tumejua kwamba fezi ni nne. Tazama basi: tumeufuta ujumbe, na kwa kuufuta tumeitambua bahasha!

Mahali pa kujifunzia

Tarehe 15 Novemba 2018 ilirushwa setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, ambayo imewekwa kwenye nyuzi 25.9 mashariki, ikiwa na transponda mbili za wapenzi wa redio. Mtu aliye Dar es Salaam hana budi kuelekeza dishi lake upande wa kaskazini-magharibi, likiinuka kiasi cha nyuzi 72. Bikoni yake ya katikati hutuma kwenye megahezi 10,489.75 kwa fezi mbili. Kichwa cha kawaida cha dishi la televisheni hupunguza masafa kwa megahezi 9,750; kwa hiyo bikoni hiyo hutokea kwenye 739.75, ambapo kipokezi kidogo cha kuchomekwa kwenye kompyuta chaweza kuipokea. Umeme unaoendesha kichwa cha dishi usiruhusiwe kuingia katika kipokezi, kwani utakiharibu. Pia, jua likichoma, kichwa hupata joto na masafa husogea kidogo. Bikoni ndiyo itakayoonyesha kosa hilo ili lisahihishwe.

Yatupasa kukumbuka heshima ya jambo hili. Katika nchi nyingi ni kosa la jinai kunasa mawasiliano ya wengine au kuyatangaza. Mwalimu na aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, naye aanze na mawimbi yaliyowekwa wazi kwa wote, kama bikoni tuliyoitaja.

Swali kwa wanafunzi: wimbi lenye fezi nane, zilizoachana kwa nyuzi 45, litahitaji kipeo cha ngapi ili mstari uchomoze? Thibitisha jibu lako kwa pembe zote nane.