Dawa za sonona zilianzia wodi ya kifua kikuu

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View jijini New York, Marekani, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa walianza kula vizuri, kuchangamka, hata kucheza dansi wodini. Mwaka 1957, Dk. Nathan Kline alitoa taarifa kuwa dawa hiyo iliwasaidia wagonjwa wa sonona. Mwaka huohuo Dk. Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza nyingine, imipramini. Iproniazidi iliachwa baadaye kwa sababu ilidhuru ini, lakini njia ilikwisha funguka.

Sonona ni nini? Ni huzuni nzito, au kukosa hamu ya kila kitu, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na uchovu, kukosa usingizi na kujilaumu. Kabla ya dawa hizi, wengi wa wagonjwa hao walidhaniwa kuwa wavivu au wadhaifu wa moyo. Kidonge kilipowainua, watu wakaona kuwa huu ni ugonjwa kama mengine.

Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha fluoksetini, ambayo si hatari sana kama zile za zamani mtu anapozidisha kipimo. Aibu ikapungua, watu wakaanza kusema wazi. Hata hivyo, wengine walianza kutafuta kidonge kwa kila chozi. Ndugu msomaji, kumlilia marehemu si ugonjwa. Tena, mwaka 2004 Marekani iliagiza dawa hizi ziwe na onyo, kwa kuwa zaweza kuwazidishia baadhi ya watoto na vijana mawazo ya kujiua. Wanaozitumia waangaliwe kwa karibu, hasa wiki za mwanzo.

Yafaa kukumbuka haya:

1. Nafuu huchukua wiki kadhaa, ilhali kichefuchefu au kinywa kukauka huweza kutangulia. Wengi huacha mapema kwa sababu hiyo.

2. Usiache ghafla. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo.

3. Usimpe jirani dawa yako.

4. Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa nayo ni tiba.

5. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali mara moja.

Mwenye shinikizo la damu hatumwambii, "Jikaze." Mbona mwenye sonona tunamwambia hivyo?