Kungoa Jino Wakati Unatumia Insulini

Ndugu mgonjwa wa sukari, usiache jino bovu: usaha wake unapandisha sukari katika damu. Lakini mbele ya kungolewa, mwambie munganga kwamba unatumia insulini.

1. Kama ni sindano ya ganzi tu, kula asubuhi na jipige insulini kama kila siku.

2. Kama utapewa dawa ya usingizi, hautakula. Munganga ndiye atapanga kipimo. Usiache insulini wewe mwenyewe.

3. Kisha kungolewa, kinywa kinauma. Kunywa uji. Kama hata uji unashinda, uliza muuguzi mbele ya sindano: insulini bila chakula inaweza kuua.

Ukitetemeka na kutoka jasho, kunywa mara moja maji yenye vijiko 3 vya sukari. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Mpelekeni hospitali mbio.